Shetani, Ukurasa wa Themanini na Nane

Hili hamtaliamini, lakini nimelisikia kwa masikio yangu, nimekaa basini nyuma ya mchungaji mmoja na dada mmoja. Mchungaji alishika kitabu kipya cha profesa wa chuo cha Biblia, kuhusu familia, anachokwenda kukizungumzia leo kwenye uzinduzi. Dada wa pembeni yake, ambaye hawakujuana, ndiye aliyekiandalia faharasa, ile orodha ya mwishoni inayoonyesha neno gani liko ukurasa gani. Ikimpendeza profesa, atampa na kitabu cha pili akiandalie.

“Nimetafuta ‘Shetani’ kwenye faharasa, nikaelekezwa ukurasa wa themanini na nane,” mchungaji akamwambia. “Nafika, nakuta habari za wakwe.”

Dada akajua mara moja kilichotokea; baadaye ndiye aliyenieleza. Mkuu wa chuo aliongeza dibaji ya kurasa nane dakika za mwisho, kurasa zote zikasogea, ila namba za faharasa yake zikabaki zilezile.

“Labda wamekosea, baba mchungaji.”

“Profesa akosee? Mwanangu, huo ni mtego wa kisomi. Hataki tusome kwa kudokoadokoa. Nitamsifia jukwaani.”

“Msifie kwa mengine, baba. Hilo liache.”

“Hilo ndilo tamu lenyewe.”

Basi likasimama kwenye geti la chuo. Profesa mwenyewe alikuwa pale, anawapungia mkono wote wawili. Ungekuwa wewe huyo dada, ungesema, au ungenyamaza?