Dakika Kumi na Moja za Fundi Morris Wangila

Mchungaji, wazee wa kanisa, jamaa wote, majirani wa Gatwekera na wageni wetu mliotoka Kawangware, mimi ni Nelima, dada yake Morris, niliyezaliwa baada yake, na familia imeniteua niwasomee maisha yake. Kabla sijaanza, Bwana Kimanzi, aliyekuwa refa wa chesi kwa miaka mingi, ataiwasha hiyo saa iliyo mezani kando ya jeneza, kwa maana marehemu aliagiza nisome huku inaenda, nipewe dakika kumi na moja, nisizidishe hata moja. Ninyi mlioketi nyuma labda hamuisikii, sisi wa mbele tunaisikia vizuri sana.

Marehemu Morris Wangila alizaliwa tarehe tisa Machi mwaka wa 1971, kijijini Kamukuywa, Bungoma, mtoto wa tatu kati ya saba wa marehemu mzee Situma na mama Risper, ambaye kwa neema ya Mungu ameketi hapa mbele. Mama husimulia kwamba alichelewa kulia, wakunga wakamgeuza, wakamchapa kidogo, nyumba nzima ikangoja, kisha ndipo akalia. Baadaye alipokuwa mchezaji tulimtania kwamba siku ile alikuwa bado anafikiria hatua ya kwanza, naye alicheka, lakini siku hizi utani huo haunichekeshi.

Alianza shule ya msingi pale kijijini mwaka wa 1978, akawa katika kundi la kwanza kabisa kufanya mtihani wa KCPE mwaka wa 1985, akapita vizuri, akaingia sekondari Januari 1986, na alipokuwa anamaliza kidato cha pili, Novemba 1987, baba yetu akafariki, Morris akarudi nyumbani kutusaidia sisi wadogo. Hakulalamika, ila alivifunga vitabu vyake kwa kamba akavitundika darini, na hakuna aliyeruhusiwa kuvigusa. Ndivyo alivyokuwa, kitu kilichomuuma alikifunga akakitundika mahali pa juu, akaishi chini yake.

Februari 1989 alikuja Nairobi, akapokewa na mjomba huko Lindi, chumba kimoja watu watano, akajifunza kuchomelea vyuma, na mwaka wa 1994 akafungua kibanda chake hapa Gatwekera, akatengeneza mageti, madirisha na vitanda vya chuma hadi mwaka huu. Wengi wenu usiku mnalala nyuma ya mlango wa Morris, na sijasikia mlango wake hata mmoja uliowahi kuvunjwa. Tarehe kumi na mbili Desemba 1998 alifunga ndoa na Phanice Mideva wa Vihiga, wakajaliwa watoto watatu, Situma, Risper na Jentrix, na Phanice ataniunga mkono nikisema kwamba alikuwa mume mpole, asiyepaza sauti, anayekula chochote alichopewa.

Sasa nafika mahali ambapo programu mliyoishika inaruka. Ukurasa wa tatu unaisha na harusi, wa nne unaanza na ugonjwa, na katikati palikuwa na ukurasa mwingine, ambao kaka yetu mkubwa Boaz alimwambia mchapaji autoe, akisema hatuwezi kumvua ndugu yetu nguo mbele ya watu. Jana nilimkubalia, leo asubuhi nimekataa, kwa sababu maneno hayo Morris aliniamuru niyaandike kwenye daftari la shule, Jumapili tarehe moja Juni, akiwa kitandani hospitalini, akanifanya nimsomee mara mbili ahakikishe sijapunguza kitu. Kaka Boaz, tafadhali keti, nitasoma.

Mwaka wa 1997 marehemu alipata kazi ya mageti katika ploti ya nyumba za kupangisha ya Mzee Gichuru, huko Kawangware, na saa ya chakula Mzee Gichuru alitandika ubao wa chesi juu ya geti lililokuwa bado halijapakwa rangi, akamfundisha, mwenye ploti na fundi, uji kikombe kimoja kimoja, mpaka mchezo ukawashika wote wawili wakawa wanakutana kila Jumapili baada ya ibada. Saa hii mnayoisikia waliinunua pamoja soko la Toi, ina nyuso mbili, kila mchezaji na wake, ukimaliza kusogeza kete unabonyeza kwa mkono uleule, wako unasimama, wa mwenzako unaanza, na dakika zako zikiisha kibendera chako kidogo kinaanguka, umeshindwa hata kama ulikuwa unaongoza. Mzee Gichuru alimfundisha jambo moja zaidi ya sheria. Sheria haikulazimishi kumkumbusha mwenzako aliyesahau kubonyeza, dakika zake zikienda ni shauri yake, lakini mzee alisema hivi, na Morris aliyarudia kwa kila mtu aliyemfundisha: "Wee fundi, ukiona nimesahau, niambie. Nipige na kete, si na saa."

Kwa miaka kumi na tisa waliambiana. Ndani ya miaka hiyo yakaja mashindano ya kila mwaka kati ya Kawangware na sisi, ambapo Mzee Gichuru alimshinda Morris mwaka baada ya mwaka, mara saba mfululizo, na sisi wa hapa hatukumsaidia, tulimcheka, tukamwambia mpangaji hawezi kumshinda mwenye ploti hata kwenye ubao. Mimi nilikuwa mmoja wa waliosema hivyo, na sauti yangu mnaijua.

Jumamosi tarehe kumi na tano Oktoba 2016, katika ukumbi wa Kawangware, mchezo wa mwisho, kwa saa hii hii, Mzee Gichuru akiwa amebakiwa na dakika kumi na moja, alisogeza ngome mahali ambapo mfalme wa Morris hakuwa na pa kwenda hatua mbili mbele, akaachilia kete, na hakubonyeza saa. Naanza sasa maneno ya marehemu mwenyewe. "Nilijua nimeshindwa. Nikaona saa yake bado inaenda. Nikataka kumwambia, kisha nikasema wacha dakika moja tu. Dakika ya pili nikasema moja tena. Dakika ya nne nilimtazama usoni, nikaona mdomo wake umeteremka upande mmoja, na mate. Nilijua si kufikiria. Niliangalia ubao. Zilibaki dakika saba, na dakika zote saba niliangalia ubao."

Hayo ndiyo aliyoyasema. Kibendera kilipoanguka, Morris alitamka kwamba muda umekwisha, Bwana Kimanzi akaja akathibitisha, ukumbi ukalipuka, na marehemu akasimama akanyoosha mkono kumpa mwenzake, kama desturi. Mzee Gichuru hakuuinua wake. Mnakumbuka kelele, "Budaa amekataa mkono! Kawangware hawajui kushindwa!", na kelele nyingine zilikuwa zangu, na refa akamwonya mzee mara mbili, akaandika kwenye fomu kwamba mchezaji wa Kawangware amekosa adabu ya mchezo, na huo mkono tuliokuwa tunaulaani ulikuwa umeshakufa mezani karibu na ngome. Alipoteleza kutoka kitini zilikuwa zimepita dakika nyingine tano. Huko hospitali daktari alimwambia Mama Nduta, mke wake, kwamba angefikishwa mapema kidogo mambo yangekuwa mengine.

Tangu siku hiyo Mzee Gichuru hajasema neno wala hajatumia mkono wa kulia, na hadithi iliyotembea mtaani kwetu, kutoka Lindi hadi Silanga, ambayo hata watoto wanaijua, ni kwamba alishindwa, akakataa mkono, hasira ikampasua. Mama Nduta aliisikia sokoni, aliisikia kanisani. Marehemu anasema leo, mbele yenu, kwamba haikuwa hasira, kwamba mzee aliugua kwanza ndipo akashindwa, na kwamba mtu mmoja tu ndiye aliyeona jinsi mambo yalivyofuatana, akanyamaza miaka minane na nusu.

Sisi nyumbani tuliona kitu tusichokielewa. Kombe la ushindi ule hakulileta kwa Phanice, alilifunga kwa gunia akalitundika kwenye paa la kibanda. Saa ya ukutani aliitoa, ya mkononi akampa Situma. Karibu na miwani yake ya kuchomelea alipigilia kioo kidogo, na Phanice alimkuta mara nyingi ameweka chuma chini, anajitazama mdomo, anatabasamu upande huu, anatabasamu upande ule, na alipomuuliza alimjibu, "Yangu inakuja, mama Situma, nangoja tu." Tulimwomba akapimwe presha, akakataa, ukisikia alivyokataa ungedhani tunamwomba atoroke jela. Na kila mwezi alivuka kwenda Kawangware, akamchomelea Mzee Gichuru vyuma vya kushikilia mlangoni, kitandani na njiani kuelekea chooni, hakukubali kulipwa, na Mama Nduta akamshika kichwa akambariki. Aliniambia baraka hizo zilimtesa kuliko kitu chochote, na mimi namuamini, na bado nimemkasirikia kiasi kwamba jana usiku wa kuamkia leo nilishindwa kulia.

Jumamosi tarehe kumi na saba Mei mwaka huu wa 2025, saa tisa mchana, alikuwa Silanga akicheza na Sella, muuza mboga, mmoja wa wale aliowafundisha, kwa saa ya wachezaji wa huko. Alisogeza kete, hakubonyeza saa. Sella hakungoja, alimwambia, "Fundi, saa," na fundi alipokosa kujibu akamtazama usoni, kwa sababu Morris alikuwa amewafundisha wote hivyo bila kuwaeleza sababu, ukimwambia mwenzako umtazame usoni, kisha Sella akasimamisha saa, akaita watu, na katika muda wa nusu saa marehemu alikuwa mikononi mwa daktari. Kwa hilo alipata siku ishirini na tatu, na mdomo unaoweza kusema. Alizitumia kusema haya. Kiharusi cha pili kilimjia Jumatatu tarehe tisa Juni, saa kumi na moja alfajiri, akafariki akiwa na miaka hamsini na minne.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia hadi dakika ya mwisho, majirani wa Gatwekera mliokesha nasi mkaleta kuni, chai na viti, mafundi wenzake waliofunga vibanda vyao wiki nzima, na wachezaji wa Silanga, hasa Sella, aliyesema maneno mawili kwa wakati wake. Jioni hii basi litaondoka kwenda Kamukuywa, na mazishi ni Jumamosi, tarehe ishirini na moja.

Bwana Kimanzi ananionyesha kidole kimoja, nimebakiwa na dakika moja. Kimanzi, wewe ile fomu unayo, na najua unavyoitazama hiyo meza, tutazungumza baadaye.

Wengi mmenisikia nikisoma historia za marehemu hapa, na mnajua mwishoni huwa namwombea mtu apumzike kwa amani. Neno hilo kwa Morris sitalisema mimi. Aliagiza kwamba likae upande wa pili wa saa, upande ambao tangu mwaka 2016 hakuugusa, kibendera kikiwa chini, na ambao leo Kimanzi ameurudisha na kuuwekea dakika kumi na moja. Mzee Gichuru, uliyeketi hapo mezani, najua unanisikia, Mama Nduta ananiambia unasikia kila kitu na umekuwa ukisikia miaka yote hii. Ukiisimamisha saa kwa mkono wako wa kushoto, mchungaji atayasema maneno hayo kwa niaba yako, na sisi tutaitika. Ukiiacha, tutangoja pamoja nawe mpaka kibendera kianguke, tumpakie ndugu yetu hivyo hivyo, bila maneno, na hakuna mtu wa ukoo wetu atakayekulaumu. Mama Nduta, usimshike mkono, tafadhali. Kaka Boaz, wewe pia kaa mbali na meza.

Karatasi hii nimeishika kwa mkono wa kulia, naiweka chini, na kwa mkono huo huo nabonyeza.

Mzee Gichuru, saa yako inaenda.