Benchi la Kina Baba

Padre ameniruhusu niseme neno. Amani iwe nanyi nyote, mliopanda mlima na mlioteremka kuja hapa. Nitasema nikiwa nimesimama, msinisogezee benchi. Mimi na benchi tuna ugomvi wa zamani, na huo ndio niliokuja kuueleza.

Leo watoto wenu wamemaliza shule. Tumewasikia wakiitwa mmoja mmoja, wa kwanza kapewa blanketi, wa pili kapewa shati, aliyeimba vizuri kapewa rozari, nasi tumepiga makofi mpaka viganja vikawaka. Nimefurahi, mtu asije akasema yule mzee ana roho mbaya. Lakini mlipokuwa mnapiga makofi nilimwona mwenzetu kule nyuma, karibu na mlango, amesimama na kichane chake cha ndizi. Benchini hakukaa. Simjui jina, na hata ningelijua nisingelitaja. Ila najua alivyojisikia, kwa sababu hata mimi nilisimama hivyo, kwenye sherehe kama hii, katika shule nyingine.

Dada yangu alifariki akaacha watoto wawili. Wa kiume alikuwa ameanza kuchunga mbuzi, wa kike alikuwa bado anabebwa mgongoni. Baba yao alishaondoka, Wadachi walipokuwa wanajenga reli kuja Morogoro. Alisema anakwenda kutafuta. Alichokipata alikila hukohuko.

Mnajua desturi yetu Waluguru. Hakuna aliyeuliza watoto wale ni wa nani. Ni wa ukoo wa mama yao, na wa kuwalea ni mjomba. Wakati huo nilikuwa naishi kwa kina mke wangu. Mwanamke yule akaniambia nichague, yeye au watoto wa dada yangu. Nikafunga mkeka wangu nikarudi mlimani. Sijaoa tena, na msinicheke nyie vijana, maana kuna siku mlimani huku baridi inaingia hadi kwenye mifupa na hakuna wa kukuambia sogea jikoni.

Padre aliyekuwapo wakati ule akasema yule wa kiume ana akili, apelekwe shule ya bweni kule chini, njia ya Mlali. Nikampeleka. Unga wake na maharage yake vilitoka kwenye shamba la marehemu mama yake, lile la mteremkoni ambalo ukilima vibaya udongo wote unahamia kwa jirani. Nililima mimi. Na yule dada yake mdogo alipopata nguvu ya kubeba, ndiye aliyekuwa anateremka na mzigo kichwani, anapanda na nguo chafu za kaka yake kuja kuzifua. Likizo kijana akija nyumbani alikuwa anapiga goti, “Shikamoo mjomba,” nami nilikuwa naitikia kwa sauti kubwa makusudi, majirani wasikie.

Basi akamaliza. Tukapata habari kwamba amekuwa wa kwanza. Ndugu zangu, nawaambia, sikulala kwa furaha. Nilikwenda Morogoro mjini nikamshoneshea kanzu nyeupe kwa fundi, ili siku ya kurudi apande nayo mlima watu wamwone. Nyumbani mbuzi akachinjwa, pombe ikapikwa, wapiga ngoma wakaambiwa wakatungojee kwenye kilele cha njia. Yule wa kike akabaki jikoni na shangazi zangu. Nikateremka peke yangu, kanzu imekunjwa kwapani.

Mwalimu mkubwa wa shule ile alikuwa Mdachi, anasema Kiswahili kuliko mimi. Aliagiza wazazi wa watoto bora wakae benchi la mbele. Nikakaa. Nilikuwa nimeoga mtoni, nimejipaka mafuta, nimekaa wima kama jumbe. Akaitwa wa kwanza, mtoto wangu. Akasogea mbele. Mwalimu akauliza, “Baba yake yuko wapi? Aje apokee.”

Nikasimama.

“Wewe ndiye baba yake?”

“Hapana, bwana. Mimi ni mjomba wake. Mimi ndiye niliyemlea.”

“Nimeuliza baba.”

Hapo nikasikia sauti nyuma yangu. “Mimi hapa, bwana.” Nikageuka. Ni yeye! Mtu ambaye hakuja hata kumzika dada yangu, amevaa viatu na kofia ya watu wa reli, anapita katikati ya watu kama mwenye nyumba. Nani alimwambia kuna sherehe, sijui mpaka leo. Mwalimu akamgeukia kijana akamuuliza, “Baba yako ni yupi?”

Kijana akanitazama mimi. Akatazama vile viatu. Kisha akanyoosha mkono kwa baba yake.

Na hakusema uongo. Hilo ndilo lililoniuma na linaloniuma mpaka leo. Angesema uongo ningekuwa na la kumshtakia. Mwalimu akaniambia kwa upole kabisa, “Mzee, kaa nyuma. Mpishe mwenye mtoto.” Nikatoka kwenye benchi nikaenda kusimama mlangoni. Yule bwana akakaa palepale nilipokuwa nimekaa mimi, pana joto langu bado. Akapewa blanketi jekundu la zawadi, akajitupia begani, jua la saa sita limewaka, akapigiwa makofi. Hata mimi nilipiga. Mikono ilipiga yenyewe.

Sherehe ilipokwisha kijana akaja kunikimbilia. “Mjomba, baba amenipatia kazi stesheni ya Morogoro. Tunaondoka leo. Nitakuja Krismasi.” Hakutaja Krismasi ya mwaka gani. Kanzu nilikuwa nayo kwapani, sikuitoa.

Nikapanda mlima. Kwenye kilele ngoma zikalia, akina mama wakapiga vigelegele. Halafu nikaona wote wanatazama nyuma yangu.

“Mtoto yuko wapi?”

“Amepewa baba yake.”

Ngoma zikanyamaza. Shangazi yangu mmoja, Mungu ampumzishe, akasema, “Haya, nyama imeshaiva.” Tukala. Ndiyo, tulikula, mbuzi aliyechinjwa huwezi kumrudisha zizini. Tulikula sherehe ya mtu ambaye hayupo, na hakuna aliyeomba aongezewe.

Nilivumilia mpaka masika yakapita. Kisha nikajitia moyo, nikabeba ndizi mbivu na maharage mapya, nikaenda Morogoro stesheni. Nikamkuta. Amenenepa, amevaa khaki, amependeza kwa kweli. Mwenzake mmoja akamuuliza, “Huyu nani?” Akajibu, “Mtu wa kwetu, huko mlimani.” Wala shikamoo hakuniamkia, maana mwenzake alikuwa anatazama. Akanionyesha benchi akasema, “Kaa hapo, nakuja.” Akaingia ndani. Nikakaa. Gari la moshi likaja likaondoka, watu wakapungua, mfagiaji akafagia mpaka akafika miguuni pangu. Nikaacha ndizi zake palepale benchini nikarudi kwetu.

Tangu hapo nikaanguka, na sitaki kuwapambia. Pombe ilikuwa chakula changu. Kanisani sikuja, padre akinitumia mtu, nilimfukuza kwa maneno ambayo siwezi kuyatamka mbele ya watoto hawa. Shamba la dada yangu sikulikanyaga. Nilikuwa nasema, nilime kwa ajili ya nani? Na ile kanzu niliitundika ukutani mbele ya kitanda changu, ili kila asubuhi nikifungua macho nipate sababu ya kunywa.

Wakati wa kupanda maharage ukafika tena. Asubuhi moja nimekaa kizingitini, kichwa kinanigonga, yule binti wa dada yangu akaja na jembe. Alikuwa ameshakuwa mtu mzima bila mimi kumwona anavyokua. Ana tope hadi magotini. Akapiga goti. “Shikamoo, mjomba.”

“Marahaba. Unatoka wapi?”

“Shambani kwa mama.”

“Nani amekutuma?”

“Hakuna. Nani mwingine alikuwepo?” Halafu akaweka jembe chini, akakaa karibu nami. “Mjomba, umemlilia kaka vya kutosha. Mimi nilimbebea unga miaka yote, nikamfulia, nikampikia nyama ya sherehe ambayo hakuja kuila. Mimi nilipewa blanketi gani? Na mimi nililia lini?”

Akaendelea, wala hakupandisha sauti. “Ukoo utaendelea kwa nani, kwa yule wa stesheni? Watoto wake ni wa ukoo wa mkewe. Walio wetu watatoka kwangu mimi. Sasa inuka, mvua imeanza, mimi peke yangu simalizi ule mteremko.”

Akanishika mkono. Nikainuka. Ndugu zangu, msidhani nilipona siku ile. Nililima mistari michache nikatapika kwenye matuta, naye akafukia, akaendelea kulima. Kesho yake akaja tena. Na keshokutwa. Pombe niliacha kwa kuogopa goti lake lile la asubuhi.

Nawashukuru majirani walionipa mbegu wakati ghala langu lilikuwa na panya tu. Nakushukuru wewe padre, uliyenipokea bila kunikumbusha yale matusi. Yule mwalimu simlaumu sana, alifuata ya kwao. Kijana wa stesheni ninamwombea kila Jumapili, na kila Jumapili ninaomba nikiwa nimekasirika. Mungu anaijua hasira yangu, sina haja ya kumficha.

Na wewe uliyesimama mlangoni na ndizi zako, usiende kunywa leo. Wamekunyima benchi, ndiyo, wamekunyima, na inauma, na itauma mwakani tena. Lakini nyumbani kwako yupo aliyebaki jikoni leo ili mwenzake apigiwe makofi. Rudi ukamtazame. Ndizi mpe yeye.

Mwaka jana binti yangu huyu alijifungua. Siku ya ubatizo aliishusha ile kanzu ukutani bila kuniuliza, akaipasua, akambeba mtoto kwa kitambaa chake. Walipofika mbele, padre huyuhuyu akauliza, “Baba wa mtoto?” Mume wake akasimama, kijana mwema. Mimi nilikuwa mlangoni, mahali pangu. Ndipo binti akageuka, akasema kwa sauti ya kusikika hadi nje, “Padre, na mjomba wangu asimame hapa mbele.”

Padre akamwambia kwamba kitabuni hakuna mahali pa kuandika mjomba.

Akajibu, “Sijasema aandikwe. Nimesema asimame.”

Nikaenda mbele, nikasimama.