Domina Anselmi na Hesabu za Mto Mkondoa

Ifikapo Jumatano, tarehe 30 Juni 2004, Bi. Domina Anselmi atakuwa ametimiza miaka thelathini na miwili katika kituo chetu cha vipimo vya mto hapa Kilosa. Siku hiyo atastaafu.

Aliajiriwa mwaka 1972 kama mpiga chapa, akitokea Rudewa, ambako baba yake alikuwa mkata katani. Kazi yake ilikuwa kunakili taarifa za kina cha maji, basi. Lakini Mama Domina hapendi kuandika namba asiyoielewa, kwa hiyo aliuliza, akauliza tena, na miaka minane baadaye alikuwa akizikokotoa mwenyewe. Wageni waliofika kumtafuta mtaalamu wa hesabu za mto walioneshwa mama aliyekaa nyuma ya taipureta akimenya muhogo wa kuchemsha.

Biashara ilipofunguliwa, kompyuta zilizokwisha kutumika Ulaya zilianza kuuzwa Morogoro kama mitumba mingine. Mwaka 1995 kituo kikapata moja, akakabidhiwa yeye. Aliishonea kifuniko cha kitambaa, na ole wake mtu aliyeisogelea na kikombe cha chai.

Miaka hiyo tuliishi kwa hofu. Mashirika yalikuwa yanauzwa, watu wanapunguzwa kazini, na ilisemekana orodha ya kituo chetu ilikuwa tayari. Kila bahasha ya kaki iliyoingia mlangoni ilitufanya tuache kazi. Mimi, Melkizedek, msoma vipimo ninayeandika wasifu huu, niliogopa kuliko wengine, kwa kuwa nilikuwa na siri. Saa za chakula nilikuwa nacheza gemu la ndege kwenye ile kompyuta.

Januari 1998 mvua haikupumzika. Asubuhi moja, simu ya upepo ilituletea vipimo vya Mikumi na vya vituo vya juu ya mto, na vyote vilikuwa vikubwa mno. Mama Domina aliviingiza kwenye programu mpya ya kukadiria mafuriko tuliyoletewa na wataalamu wiki iliyotangulia, wakaifuta ile ya zamani. Kompyuta iliandika mstari mmoja wa Kiingereza, ikaganda. Akaiwasha upya. Ikaganda tena.

Mkuu wa kituo, Bwana Ditram, alisimama mlangoni, shati limelowa. Alisema kuna mtu ameiharibu mashine ya serikali, na mtu huyo atajulikana leo. Niliamini ni gemu langu lililoiua, na kwamba watu wa bondeni, upande wa Mbumi, wangekufa kwa sababu yangu. Hata hivyo nilinyamaza. Naandika hili kwa aibu.

Mama Domina alikuwa anausoma ule mstari, kamusi mkononi. Kisha alieleza kwamba mashine haijaharibika. Programu mpya ilikuwa inaipa prosesa, yaani ubongo wa kompyuta, amri za hesabu za desimali, na prosesa yetu, ya kizamani, haikutengenezwa ikiwa na sehemu ya kuzielewa amri hizo. Alianza kukokotoa kwa mkono, lakini kazi ile ilihitaji siku mbili, na mto usingetungoja. Alipomaliza mistari mitatu aliweka kalamu chini, akaniita pembeni.

"Melkizedek, hiyo ndege yako inarukaje kwenye mashine hii?"

Kumbe alikuwa anajua siku zote. Nilimwambia ukweli: gemu nalo lilikuwa limegoma mwanzoni, likasema prosesa haina sehemu ya hesabu, ila kwenye disketi yake kulikuwa na programu ndogo ya msaada. Hiyo inazipokea zile amri ambazo prosesa haizijui, na kuzitekeleza kwa njia ndefu, polepole.

"Ilete," alisema.

Nilimwambia kwamba Bwana Ditram angenifukuza. Alichukua disketi kutoka mkononi mwangu, akaenda nayo mwenyewe.

"Mzee, hili ni gemu," alimwambia mkuu. "Niliruhusu lichezwe. Uniadhibu kesho, leo niache nifanye kazi."

Hesabu ilianza saa tatu asubuhi. Kwenye kompyuta mpya ingechukua dakika moja, lakini kwetu ilikwenda mstari mmoja baada ya mwingine, kwa saa mbili na nusu. Umeme ulififia mara mbili, na mara zote mbili ukarudi kabla mashine haijazimika. Nilikwenda kusoma kipimo cha mtoni, nikarudi mbio kusema maji yamepanda hatua nyingine. Mama Domina alikaa mikono mapajani, akitazama mara skrini, mara dirisha.

Jibu lilipotoka, lilisema maji yangevuka kingo kabla ya jioni. Bwana Ditram alisita kuwahamisha watu kwa namba zilizopatikana kwa msaada wa mchezo. Mama Domina alimwekea karatasi mezani.

"Mistari mitatu niliyoipiga kwa mkono inalingana. Watoe watu, Mzee."

Akawatoa. Tulipita nyumba kwa nyumba, na bibi mmoja aliyekataa kuwaacha kuku wake tulimbeba pamoja na tenga lao. Saa kumi maji yaliingia bondeni na kufika madirishani. Nyumba nyingi zilianguka, lakini hakupotea mtu.

Wiki iliyofuata Mama Domina alipewa barua ya onyo kwa kuruhusu gemu ofisini. Nilipokwenda kukiri, Bwana Ditram alisema faili limefungwa. Orodha ilitoka mwezi wa Juni na kuwaondoa wenzetu watano. Mama Domina alibaki, nami nilibaki.

Mwaka 2001 alitumwa Morogoro kununua kompyuta nyingine. Alibeba ile disketi, akalijaribu gemu kwenye kila mashine dukani bila programu ya msaada. Muuzaji alishangaa kumwona mama wa makamo akirusha ndege, lakini Mama Domina alirudi na kompyuta yenye prosesa inayozijua amri zote. Ametufundisha sote kuitumia, na sasa mwenzetu Bi. Yusrah atashika nafasi yake.

Katika kila msimu wa mvua, miaka yote hii, Mama Domina amekuwa akikesha macho wazi akisikiliza mvua juu ya bati. Asante, Mama, kwa kuogopa kwa niaba yetu. Nenda kapumzike Rudewa, na mvua ikinyesha, ulale.