Sharti la Shahada ya Pili

Fundi cherehani alitazama nje ya dirisha la basi, lakini masikio yake yalikuwa kiti cha mbele, kwa mama mwenye faili na jirani yake wa safari. "Nafasi ya meneja rasilimali watu imetangazwa," alisema mama. "Miaka kumi na miwili nimeingoja, dada, na wanataka shahada ya pili. Sina."

"Nani kaweka sharti hilo?"

"Mimi, nilipoandika sifa za kazi hiyo. Niliogopa msaidizi wangu atanipita; mimi nilidhani uzoefu ungenitosha."

Mchimba kisima huingia mwenyewe, fundi alijisemea, akauma mdomo asicheke.

"Si ulifute tu?"

"Nitamwambia nini msaidizi? Alirudi chuo kimyakimya, akamaliza mwezi jana." Basi likasimama. Mama akainuka, faili kifuani. "Na leo asubuhi kaja kwa adabu zake zote, kuniomba nimwandikie barua ya kumpendekeza kwa nafasi hiyo."