Burgi wa Gamsegg na Mbao Zinazopotea Jioni

Baada ya miaka thelathini na mitatu ya kubeba bia kumi kwa mkupuo, Bi Notburga Gstrein, Burgi wetu, anastaafu Jumatatu ya Pasaka, siku tunayofunga msimu wa theluji. Mgongo wake umeafiki. Masikio yake, anasema mwenyewe, yalistaafu zamani, mwaka ule kampuni ilipotuletea spika kubwa.

Aliingia mkahawa wa Gamsegg, kule juu mlimani, kama mwosha vyombo na anauacha akiwa malkia wake. Sote tunaijua kazi ya huko juu. Wageni wanateleza kwenye theluji kutwa, ikifika saa tisa alasiri wanaingia na mabuti yao ya plastiki, wanapanda juu ya meza na kucheza. Hao ni watu wazima, madaktari wa meno na mameneja wa benki. Halafu kiza kinaanza kuingia na inabidi washuke bondeni, ama kwa gari la waya linaloning'inia hewani, ama kwa mbao zao za kutelezea. Na mlevi, jamani, huwa anaamini kwamba pombe imemwongezea ustadi.

Kwa mauzo hakuna aliyewahi kumfikia Burgi. Makao makuu yamempa vyeti, na nadhani kimoja anakitumia kufunikia sufuria ya supu. Angeweza kumuuzia mtu glasi ya pombe kali ya peasi huku anamkanya asiinywe, na mtu akashukuru kwa yote mawili.

Katika sifa zote hizi kuna doa moja tu, nalo si lake, ni la mkahawa. Ni wizi. Kila msimu mbao za wageni zilipotea pale nje zilipoegeshwa. Zilipotea jioni tu, na zilikuwa daima za mtu aliyelewa chakari. Mwenyewe alitukana, akalia, mwisho akapanda gari la waya na kushuka kwetu kituo cha chini. Asubuhi mbao zilikutwa zimesimama mlangoni, zimefutwa maji vizuri. Mwizi gani anayerudisha mali na kuifuta? Makao makuu hawakujiuliza. Walifanya mikutano, wakanunua kamera, kamera ikapiga picha nyingi za theluji.

Hatimaye Bwana Wendelin Plangger, Mkurugenzi wetu, alikata shauri kwamba lazima awepo mlinzi mwaminifu. Akamteua Burgi, na akamkabidhi ufunguo wa ghala la nyasi lililo nyuma ya mkahawa ili afungie humo mbao za wageni. Fisi kakabidhiwa bucha. Sisi wa kituo cha chini, tuliokuwa tunajua kila kitu, tulipiga makofi mpaka viganja vikawasha.

Sababu ya Burgi kuzificha ni ya zamani, na haichekeshi. Katika majira yake ya pili ya baridi alikuwepo mgeni mmoja, mwoka mikate kutoka Ulm, mcheshi kweli kweli, aliyewafundisha mkahawa mzima wimbo wa kwao. Burgi alimmiminia glasi ya mwisho na wakacheka pamoja. Yule bwana akavaa mbao zake, akashuka, kona ya korongoni ikamshinda, akatumbukia. Tulimpata asubuhi. Burgi alinisimulia mara moja tu, tukiwa tunasukuma theluji mlangoni, na sijawahi kumwona analia tena. Jambo lile lilimuuma, na linamuuma hadi leo.

Mwaka juzi Mkurugenzi alipanda Gamsegg na wageni wake, watengeneza bia, wakashindana kunywa. Alipotoka nje, mbao zake mpya nyekundu hazipo. Akasimama kwenye theluji akitishia kutufukuza sote. Burgi akatoka, anafuta mikono kwenye aproni. Mnajua desturi yetu: huko juu hakuna Bwana wala Bibi, kila mtu ni jina lake.

"Mbao zako zipo, Wendelin," akamwambia. "Leo unashuka kwa gari la waya."

Mkurugenzi akajibu kwamba Burgi hana kazi tena.

"Sawa. Utanifukuza kesho, ukiwa mzima."

Akashuka, amenuna, kichwa kimeegemea kioo. Kesho yake alipanda na gari la kwanza, peke yake, nasi tukabaki chini tunamsubiri Burgi ashuke na begi lake. Aliyeshuka ni Mkurugenzi, juu ya mbao zake nyekundu. Burgi anasema aliulizwa swali moja tu: je, mwizi amepatikana? Akajibu kwamba bado anatafutwa.

Basi mwaka huu tukatangaziwa kwamba msimu ujao yanakuja makabati mapya ya kuhifadhia mbao za kutelezea, mgeni atafungua mwenyewe kwa kadi yake, saa yoyote, katika hali yoyote. Burgi aliposikia aliacha supu yake na madonge yake ya mkate mezani, akatoka nje. Kustaafu hakukumtisha. Alitishwa na ile kona.

Juzi alikwenda ofisini kurudisha ufunguo wa ghala. Mkurugenzi akamwambia makabati yamesogezwa mbele, bajeti imekwisha kwenye spika. Ufunguo Mkurugenzi hakuupeleka stoo. Aliutia mfukoni mwake mwenyewe, mtu asiye na ng'ombe hata mmoja wa kulisha nyasi.

Sherehe ya kumuaga ni Jumamosi hii saa tisa alasiri, Gamsegg, na bia ni za kampuni. Anayetaka kuja na mbao zake aje nazo, ila jioni asiziulizie.

Asante, Burgi. Wapo watu katika miji mingi wanaokulaani mpaka leo, na wana afya njema kabisa. Kalale mchana, ukae mahali pasipo na spika, umri uwe mrefu na mgongo unyooke. Kuhusu yule mwizi usiwe na wasiwasi. Mkurugenzi amelichukua suala hilo mwenyewe.