Mama Udongo, Aliyechagua Udongo Mweusi

Maneno haya ni ya mume wa marehemu. Anayeyasoma ni binti yetu mkubwa, na ndiye aliyeyaandika, kwa sababu mimi shule sikuiona na leo sauti yangu haifiki mbali. Mkisikia "mimi", jueni ni mzee niliyekaa hapa mbele.

Tangu juzi wengi mmeniuliza jambo moja. Mke wangu ndiye aliyewakataza watu kuzika kwenye udongo mweusi. Kituo chake cha kazi kilimtengea mahali pa heshima kwenye udongo mwekundu. Kwa nini basi anazikwa hapa nyumbani, kwenye mweusi? Nitafika huko. Mzee haendi mbio.

Marehemu alizaliwa Jumanne, tarehe 12 Juni 1951, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, chumba cha pili kutoka kwenye tangi la maji. Alikuwa mtoto wa tatu wa mlinzi wa stesheni na mkewe, fundi cherehani.

Alianza shule mwaka 1959 katika madarasa ya mabati nyuma ya stesheni. Akiwa darasa la tatu alichukua chekeche ya unga ya mama yake, akachekechea udongo wa njiani ili aone kitabaki nini. Kilichobaki ni kichapo. Mama mkwe alinisimulia mwenyewe: "Nilimwambia, wewe utaolewa na jembe." Hakukosea sana. Mimi nilikuwa na koleo. Alifaulu, akaenda sekondari ya bweni, kisha chuo cha kilimo, akamaliza mwaka 1974 akiwa msichana pekee kati ya wapima udongo.

Aliajiriwa mwaka huohuo kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, chini ya vilima. Kazi yake ilikuwa kuujua uwanda huu wote, kipande kwa kipande. Ili kuujua udongo huchimbwa shimo refu kama mtu, na mpimaji hushuka akautazama ukuta wake toka juu hadi chini. Mchimbaji nilikuwa mimi. Siku ya kwanza alisimama ukingoni akanitazama nikitoka jasho.

"Kaka, toka."

"Nitoke vipi, dada, na shimo ni langu?"

"Umechimba vizuri. Ila umeegemea upande ninaotaka kuusoma."

"Kuna maandishi?"

"Yapo. Wewe umeyafuta kwa mgongo."

Akashuka. Akachukua bonge, akalitemea mate kidogo, akalifinyanga, akalivuta kwa kidole gumba likawa utepe mrefu. Alilitazama bonge lile kwa namna ambayo tangu siku ile nilitaka nitazamwe hivyo. Nilisubiri miaka miwili.

Tulifunga ndoa Jumamosi, tarehe 6 Agosti 1977. Aliposhuka kwenye gari, na gauni lake jeupe, aliinama uani kwa baba yangu, akaokota udongo, akauvuta utepe mbele ya watu wote. Akasema, "Mweusi mtupu. Nyumba hii itapasuka." Mama yangu akauliza, "Bibi harusi ameanza kututukana hata chai hajanywa?" Nyumba ilipasuka. Mke wangu alizifurahia zile nyufa kuliko mkufu niliomnunulia. Kila kiangazi alikuwa akichomeka kijiti ndani yake aone zimekwenda chini kiasi gani, na mkufu ukining'inia msumarini.

Wenyeji wa uwanda mnajua alichowafanyia. Udongo mweusi wa bondeni alisema ni wa mtama na malisho ya kiangazi. Tusijenge, tusizike, maana ukinywa maji unavimba, na ukikauka unafunguka mpaka mbuzi anavunjika mguu. Mwekundu wa chini ya vilima ni wa mahindi, maharage na nyumba. Mchanga wa kando ya mto mkavu ni wa karanga na visima. Mweupe wa chumvi tuwaachie ng'ombe walambe, tusitupe mbegu. Kwenye changarawe ya juu, mizinga ya nyuki. Wafugaji na wakulima waliokuwa wakishikiana fimbo walikaa chini mbele yake, kila mmoja akajua pa kupeleka jembe na pa kupeleka ng'ombe. Ndipo mkamwita Mama Udongo. Hilo jina sikulipenda. Nyumbani alikuwa Mama Watoto.

Katika kazi hiyo alikuwa na mwenzake, mchora ramani wa kituo, Bwana Ramani. Yuko hapa, amevaa koti la kahawia. Yeye alipaka rangi kwenye karatasi kila udongo alioutaja mke wangu. Watoto walipozaliwa mimi nilibaki nao, na hao wawili pamoja na dereva waliondoka na gari la ofisi, wakarudi baada ya wiki mbili na vumbi mpaka kwenye kope, wakicheka mambo ambayo mimi sikuwapo. Majirani hawakunisaidia. "Mwenzio yuko uwandani anapakwa rangi," walisema. Siku moja nilimweleza mke wangu.

"Unamwonea wivu nani," akaniuliza, "yeye au udongo?"

"Wote wawili."

"Haya. Mmoja nitakupunguzia."

Jumapili iliyofuata akamleta Bwana Ramani nyumbani kula, ili nimzoee. Akazoea yeye. Amekula kwangu Jumapili zote tangu hapo, na kila mara anaketi kwenye kiti kinachotazama dirisha, ambacho ni changu. Ni mtu mzuri. Sijasema si mtu mzuri.

Marehemu alistaafu mwaka 2011. Nikajua sasa ni wangu. Lakini kila aliyetaka kuchimba msingi au choo alikuja na udongo kwenye mfuko wa plastiki, na mke wangu akaacha chai yangu ipoe.

Mwishoni mwa mwaka 2023 figo zake zilianza kuchoka. Tulikwenda hospitali ya wilaya na kurudi, na kwenda tena. Januari mwaka huu aliomba kitanda chake kisogezwe sebuleni, karibu na mlango. Hapo ndipo Bwana Ramani alipoleta salamu za kituo: wamemtengea mahali, kwenye udongo mwekundu, karibu na lango, na jiwe litaandikwa.

Nikasema, "Mke wangu ana kwake."

"Shemeji," akasema, kwa upole, "kwako ni udongo mweusi. Yeye mwenyewe aliwahamisha watu makaburi yao."

Alisema kweli. Miaka yote niligawana mtu huyu na uwanda mzima, na sasa wanamchukua moja kwa moja, na elimu yake yenyewe ndiyo shahidi wao. Nikatazama sakafu.

Marehemu alifumbua macho. "Bwana Ramani hajakosea," akasema. "Kaburi la udongo mweusi halitulii. Kiangazi linafunguka, masika linavimba, jiwe linalala upande."

Bwana Ramani akatikisa kichwa kukubali.

"Kwenye mwekundu nitatulia mara moja," akaendelea, "na nyote mtarudi kwenye shughuli zenu. Huku kila mwaka itabidi mtu aje na koleo anishindilie. Nizikeni huku. Baba Watoto hana kazi nyingine."

"Lakini kitaalamu, dada..."

"Kitaalamu nimestaafu."

"Basi nami nitakuja kusaidia kushindilia."

"Wewe na koleo wapi na wapi. Shika kalamu zako."

Hayo nimeyasikia kwa masikio yangu mawili, na binti yangu alikuwapo.

Marehemu alifariki Jumapili, tarehe 9 Machi 2025, asubuhi, mkono wake ukiwa ndani ya mkono wangu. Kaburi wamelichimba wanangu. Nimeutazama ukuta wake: mweusi hadi chini.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, kitukuu mmoja na dada yake mdogo. Bwana Ramani ameomba naye atajwe. Nilikataa. Binti yangu akasema, "Baba, ni haki yake." Basi atajwe, baada ya kitukuu: mwenzake wa kazi.

Mtakaopita mwezi wa kiangazi mtaona kaburi limefunguka. Msishtuke, na msiguse. Karibuni mkae, hata kwenye kiti cha dirishani. Nyufa ni zangu.

Mke wangu, Mungu akupe mapumziko. Mengine niachie.