Historia ya Mama Benedikta Luhende, Aliyekosa Nafasi Katika Fomu ya Mwanawe

Baba Paroko, viongozi wa jumuiya na wa mtaa, watumishi wenzetu, majirani wa Itetemia na ndugu mliotoka Lusu, poleni kwa msiba na asanteni kwa kufika. Ukoo ulikuwa umempa kazi ya kusoma historia hii Mzee Erasmus, mdogo wa marehemu, lakini Festo Mahona, aliyelelewa na marehemu, ameomba aisome yeye, kwa kuwa humu mna mambo ambayo si haki kumtwisha mtu asiyeyatenda, na atajitaja kwa jina kama anavyowataja wengine, maana akisema "mimi" hatafika mwisho.

Marehemu Benedikta Luhende alizaliwa tarehe 14 Machi 1957 huko Lusu, wilaya ya Nzega, akiwa mtoto wa kwanza wa Mzee Luhende na Mama Agnetha. Babu yake alikuwa mpagazi, alibeba mizigo ya misafara hadi pwani na kurudi, na marehemu alipenda kujigamba kwamba mabega yake ameyarithi huko. Alisoma shule ya msingi hapo hapo Lusu kuanzia mwaka 1966 hadi 1972, akamaliza darasa la saba, hakuendelea kwa sababu nafasi zilikuwa chache na wadogo zake walikuwa wengi.

Tarehe 9 Juni 1979 alifunga ndoa takatifu na Revocatus Bundala, fundi wa reli, wakaishi Tabora mjini na baadaye wakajenga hapa Itetemia, hadi Revocatus alipotangulia mbele ya haki mwaka 2001. Katika ndoa yao hawakujaliwa kuzaa.

Tarehe 2 Agosti 1983 mdogo wa marehemu, Marcelina, alifariki Lusu wakati wa kujifungua, akaacha mtoto mchanga wa kiume, ambaye baba yake naye alifariki kabla mtoto hajaanza shule. Benedikta alifika Lusu siku ya tatu, akasikiliza wazee wakijadili nani amchukue mtoto, na kikao kikiwa bado kinaendelea akamfunga mgongoni na kwenda kusubiri basi. Mtoto huyo ndiye Festo. Kwetu Wanyamwezi mama mkubwa ni mama, Festo alimwita mayu tangu ulimi wake ulipofunguka, na hadi alipofika darasa la tano hakujua kwamba kuna mama mwingine aliyezikwa Lusu. Wahenga walisema kulea mimba si kazi, kazi kulea mwana, na kazi hiyo marehemu aliifanya kwa miaka mingi.

Kwa upande wa kazi, marehemu alikuwa mama lishe kuanzia mwaka 1985, kwanza karibu na stesheni, baadaye akawa anapikia semina na vikao vya watumishi, na wapo hapa wakubwa wanaokumbuka vikao kwa uyoga wake wa karanga kuliko kwa maazimio. Kwa kazi hiyo alimsomesha Festo hadi chuo, na tarehe 1 Julai 2009 Festo akaajiriwa katika halmashauri kuwa afisa utumishi, anayeshughulikia likizo, mafao na fomu za bima ya afya. Katika fomu hizo mtumishi huandikisha mwenza wake na wategemezi wanne, wawe watoto au wazazi, kila mmoja kwa cheti. Festo aliandika mkewe Suzana na watoto wao watatu, nafasi ya nne akaiacha wazi, kwa sababu kwa mujibu wa cheti mama yake ni Marcelina, na Marcelina ni marehemu.

Tarehe 12 Mei 2016 watumishi waliitwa ukumbini kutoa maoni kuhusu mpango wa bima, nani ahesabiwe mtegemezi na nani asihesabiwe, na Festo ndiye aliyepewa kazi ya kuyaandika na kuyapeleka juu. Mwalimu Levina alisimama na maoni yake kwenye karatasi, akaomba walezi nao wahesabiwe, kwa hati ya kiapo, kwani nusu ya waliokaa humo walilelewa na bibi na mama wakubwa. Hoja ilikuwa nzuri, na Festo aliijua kuliko mtu yeyote ukumbini. Lakini wakubwa walikuwa wamekaa mbele, naye aliogopa wasije wakasema anajitafutia nafasi, akajibu kwa utani kwamba tukifuata Kinyamwezi kila mtu ana mama saba, na kadi ya bima si tela la trekta. Ukumbi ulicheka. Ulimi hauna mfupa, na Festo alifurahia kicheko kile, akakunja karatasi ya Mwalimu Levina, wala hakuiandika katika taarifa.

Nyuma ya ukumbi marehemu alikuwa anagawa chai. Alicheka pamoja na watu, akamalizia meza yake, na jioni akampelekea Festo chakula chake kama kawaida.

Tangu siku hiyo hakumwambia tena Festo kwamba anaumwa. Festo hakulitambua hilo kwa miaka tisa. Alipomuuliza hali, alijibu kwamba ni uzee tu, naye akaridhika, kwa sababu jibu hilo halikumpa kazi. Jirani yake, Mama Flavia, ndiye aliyesema wiki iliyopita kwamba mwaka 2019 zahanati ilimkuta marehemu na presha ya juu, ikamwelekeza hospitali kubwa kwa vipimo, naye hakwenda, akawa anakunywa nusu kidonge siku moja na kuruka siku ya pili, akamwapisha Mama Flavia asiseme, kwamba mwanangu ana cheo, asije akaonekana anavunja sheria aliyoisema mwenyewe mbele za watu.

Tarehe 11 Septemba 2025 alianguka jikoni kwake, upande wa kulia ukapooza na sauti ikapotea. Mapokezi hospitalini waliuliza uhusiano wa Festo na mgonjwa, na Festo, kwa mazoea ya ofisi, akajibu kwamba ni ndugu, marehemu akiwa kwenye machela pembeni yake, akimtazama. Daktari alieleza kwamba ugonjwa ulikuwa wa miaka mingi na kwamba figo zilishachoka zamani. Marehemu alifariki siku ya Ijumaa, tarehe 19 Septemba 2025, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka 68. Festo anaona aibu mbele yenu, na mbele ya jeneza hili anaona aibu zaidi.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi kwa siku zile nane, majirani wa Itetemia, hasa Mama Flavia, jumuiya na kwaya, na watumishi wenzake Festo. Kwa namna ya pekee inamshukuru Mwalimu Levina, ambaye tangu Ijumaa yuko jikoni kwenye msiba huu, na ambaye Festo anamwomba radhi hadharani, kama alivyomcheka hadharani.

Mwisho, familia inamshukuru karani aliyeandika kibali cha mazishi, ambaye jina lake hatukulipata, kwani mahali pa uhusiano wa mtoa taarifa na marehemu, Festo aliandika "mtoto", na yule karani akasoma, akampa pole, akagonga muhuri, hakudai cheti.

Mayu, mwanao amechelewa. Pumzika kwa amani.